Nati mbili zinazobeba familia: gurudumu la nyuma la baiskeli iliyoondolewa gia

Katika mkoa wetu wa Singida, baiskeli hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na punda au na gari dogo. Alfajiri hupeleka madumu kisimani. Mchana hubeba gunia la alizeti hadi kwenye mashine ya kukamua mafuta. Jioni humrudisha mtoto kutoka madrasa, naye ameketi kwenye keria huku ameshika shati la kaka yake. Mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji hufunga tenga lake juu ya keria kama hiyo, akashika njia ya mjini. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo, pamoja na roho za wanaopakiwa, hulielemea gurudumu la nyuma. Na gurudumu hilo limeshikwa na nati mbili tu, kila moja ndogo kuliko kizibo cha chupa ya soda.

Ndugu msomaji, makala haya yanazihusu nati hizo mbili. Huenda jambo lenyewe likaonekana dogo kwa ukurasa wa familia. Lakini mama anayemtuma mwanawe maji kwa baiskeli, na baba anayemwazima jirani baiskeli yake, wote wawili wamekabidhi amana kwa chombo ambacho pengine hawajakikagua tangu kilipotoka kwa fundi. Na hatari inayozungumzwa hapa imezidi kwa sababu ya mabadiliko tunayozifanyia baiskeli zenyewe.

Baiskeli zinazoingia nyumbani mwetu siku hizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya jadi, nzito, ya gia moja, yenye breki za fimbo, ambayo wazee wetu waliizoea kwa majina kama Phoenix na Swala. Ya pili ni baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi, iliyoundwa kwa barabara za lami za nchi nyingine. Hii ya pili, ikikutana na vumbi na kokoto zetu, kibadilisha gia chake huchakaa mapema. Mwenyewe akikosa kipuri humwambia fundi akiondoe, cheni ikatwe, na baiskeli ibaki na gia moja. Ikifika siku friwili nayo ikachakaa, pedeli zikawa zinazunguka bure bila kuvuta gurudumu, hushawishika kuichomelea ili ishike. Hapo baiskeli imegeuka chombo kingine kabisa: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, miguu haina tena nafasi ya kupumzika hata kwenye mteremko.

Namna hiyo ya baiskeli si uzushi wa mafundi wetu. Baiskeli ya Rover, aliyoitengeneza John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, na ambayo ndiyo mama wa baiskeli tunazozijua leo, haikuwa na friwili. Friwili ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Hadi leo baiskeli za mashindano ya viwanja vya mviringo hazina friwili, na katika miji ya Ulaya na Marekani wapo vijana wanaogeuza baiskeli kuukuu ziwe hivyo kwa kupenda wepesi wake. Tofauti ni kwamba baiskeli ya mashindano iliundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, nati zake, mapengo yake na habu yake vikiwa vimepangwa kustahimili. Yetu imegeuzwa chini ya mti, ikiwa na vipuri vilivyokusudiwa jambo jingine.

Gurudumu hushikwa na nini hasa?

Tazama mwisho wa fremu, pale ekseli inapoketi. Kila upande una pengo. Katika baiskeli za gia moja pengo hilo hulala: limeelekea nyuma au mbele, ili fundi aweze kusogeza gurudumu na kukaza cheni. Maana yake ni kwamba hakuna chuma kinachoizuia ekseli isiteleze ndani ya pengo. Kinachoizuia ni msuguano peke yake, yaani ule mshiko unaopatikana nati inapoibana fremu kwa nguvu. Mshiko ukipungua, ekseli husafiri.

Wengi hudhani kwamba uzito wa mzigo ndio unaoling'oa gurudumu. La hasha. Uzito husukuma kwenda chini, wakati pengo limelala. Kinacholivuta gurudumu kufuata njia ya pengo ni cheni. Na nguvu ya cheni ni kubwa kuliko tunavyokisia. Chukua mtu wa kilo 70 aliyesimama juu ya pedeli moja akipanda kilima. Mkono wa pedeli una urefu wa kama sentimeta 17, na gia ya mbele yenye meno 46 ina nusu kipenyo cha kama sentimeta 9. Kwa kanuni ya wenzo, cheni inavutwa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya uzito wake, yaani kama kilo 130. Nguvu hiyo inakuja na kuondoka kila pedeli inapozunguka, mamia ya mara katika safari moja ya kisimani. Mzigo unadhuru kwa njia hii: kadiri madumu yanavyoongezeka, ndivyo mwendeshaji anavyolazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji pekee.

Aidha, cheni iko upande wa kulia, si katikati. Kwa hiyo nati ya kulia hubeba sehemu kubwa ya mvuto huo. Ikilegea, upande wa kulia wa ekseli husogea mbele, gurudumu likakaa mshazari, na tairi likaanza kusugua bomba la fremu la kushoto. Ukiona rangi imekwanguliwa ndani ya bomba la kushoto, jua kwamba nati ya kulia imekwisha kukuarifu.

Friwili ikichomelewa hatari huongezeka

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa cheni huvuta gurudumu katika kila baiskeli, kwa nini tuihofu zaidi ile iliyochomelewa? Ziko sababu nne, na kila mzazi anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni mishtuko. Katika baiskeli yenye friwili, cheni huvutwa upande wa juu tu. Katika iliyochomelewa, mwendeshaji akijaribu kupunguza mwendo kwa miguu, upande wa chini wa cheni nao hukaza ghafla. Pande zote mbili humvuta ekseli mbele kwa zamu, na kila badiliko huja kama pigo dogo la nyundo. Nati iliyokazwa nusunusu haistahimili mapigo hayo.

Ya pili ni cheni kutoka. Kwenye baiskeli ya kawaida, cheni ikitoka pedeli huzunguka bure, gurudumu nalo linaendelea. Mwendeshaji hushika breki, hushuka, hupaka mikono grisi, huendelea na safari. Kwenye baiskeli iliyochomelewa, cheni iliyotoka wakati gurudumu linazunguka yaweza kuzingirwa kati ya gia na fremu na kulifunga gurudumu papo hapo. Na kama breki zilikwisha kuondolewa kwa hoja kwamba miguu inatosha, basi cheni ikitoka hakuna tena kinachosimamisha. Fikiria hali hiyo kwenye mteremko wa Sekenke kule Iramba, kwenye barabara iendayo Nzega, huku malori yanapita ubavuni.

Ya tatu ni thredi. Friwili hufungwa kwenye habu kwa thredi zinazokaza kadiri unavyokanyaga mbele. Ukilazimisha miguu kinyumenyume, nguvu hiyohiyo hugeuka kuwa ya kufungua. Habu zilizoundwa kwa kazi hii zina nati ya pili ya kufungia, yenye thredi za kinyume, inayoizuia gia isijifungue. Habu ya kawaida haina nati hiyo. Kuchomelea friwili hakuondoi tatizo, kwa sababu kilichochomelewa ni ndani ya friwili yenyewe. Thredi za habu zimebaki vilevile. Mwendeshaji anaweza kuvunga breki kwa miguu akajikuta anazungusha gia hewani.

Ya nne inatuhusu sisi hasa, kwa mavazi yetu. Kanzu au baibui ikinaswa na cheni ya baiskeli yenye friwili, mwendeshaji huacha kukanyaga na kitambaa hukoma kuvutwa. Katika iliyochomelewa, pedeli zinaendelea kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka, na nguo inaendelea kuingia. Vidole vya mtoto vikifika hapo, hali ni hiyohiyo. Baiskeli ya namna hiyo isikose kifuniko cha cheni, na mtoto asipakiwe juu yake.

Kwa haya manne, rai yangu kwa familia ni hii: friwili iliyochakaa ibadilishwe, isichomelewe. Friwili ni miongoni mwa vipuri vya kawaida kabisa kwa muuza vipuri. Aliyekwisha kuchomelea, au aliyechagua kwa hiari yake kuendesha baiskeli isiyo na friwili, asiondoe breki ya mbele wala ya nyuma, na awe mkali maradufu katika yanayofuata.

Je, fremu yako inafaa?

Kabla ya kumwambia fundi aondoe gia, tazama mapengo. Kama yamelala, kazi inawezekana. Kama yamesimama, yaani yameelekea chini moja kwa moja kama ilivyo kwa baiskeli nyingi mpya za gia, yana faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba ekseli haiwezi kuteleza mbele, kwani imezuiwa na chuma. Hasara ni kwamba huwezi kusogeza gurudumu kukaza cheni. Kibadilisha gia ndicho kilichokuwa kikimeza ulegevu wake. Kwa baiskeli yenye friwili, fundi anaweza kuweka kiguruduma cha springi cha kukaza cheni. Kwa iliyochomelewa kifaa hicho hakifai, kwa kuwa mvuto wa kinyumenyume hukipinda au kukivunja. Fremu yenye mapengo yaliyosimama isigeuzwe kuwa baiskeli isiyo na friwili.

Jambo jingine ni ekseli yenyewe. Baiskeli nyingi za mtumba zina ekseli yenye tundu katikati na mkono mdogo wa kubana, uliotengenezwa ili gurudumu litolewe upesi bila spana. Mkono huo unafaa pale ambapo pengo limesimama. Kwenye pengo lililolala, chini ya mzigo wa kwetu, mshiko wake ni haba. Mwombe fundi aweke ekseli nzima yenye nati.

Na nati nazo zina jamaa zao. Kuna ekseli za milimita 10 na kuna za inchi 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Zinafanana machoni, lakini thredi zake ni tofauti. Nati isiyo ya ekseli hiyo huingia kwa shida au hukaa kwa kulegalega, kisha hula thredi. Na nati iliyokula thredi haikazi tena hata ukitumia spana ya urefu gani. Unaponunua nati, nenda na ekseli, au na nati ya upande wa pili.

Namna ya kulifunga

Kazi yenyewe haizidi robo saa. Kinachohitajika ni spana inayoikaa nati sawasawa, ambayo kwa baiskeli nyingi ni namba 15, na kitambaa kikavu. Koleo lisitumike, kwani hula pembe za nati.

Kwanza, safisha mahali nati inapobana: uso wa fremu, ndani na nje ya pengo. Ondoa grisi, mafuta na tope. Rangi nene iliyovimba nayo ikwanguliwe, kwa sababu rangi husagika polepole na nati huachwa inabana hewa. Tone la mafuta liwekwe kwenye thredi za ekseli peke yake ili nati izunguke vyema. Lisifike kwenye uso wa fremu.

Pili, panga washa kwa utaratibu wake. Washa yenye meno au mikwaruzo hukaa kati ya nati na fremu, meno yakielekea fremu ili yaiume. Stendi, keria au mkono wa madigadi vikifungwa kwenye ekseli, kila kimoja ni tabaka jingine linaloweza kuteleza. Vikipata mahali pengine pa kufungwa, viondolewe hapo. Keria iliyobebeshwa mzigo na kufungwa kwenye ekseli huicheza nati kila baiskeli inapotikisika.

Tatu, vuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, kisha ikaze nati ya kulia kwa wastani. Sogeza mbele ya tairi kwa mkono hadi likae katikati ya mabomba mawili ya fremu, halafu kaza nati ya kushoto. Legeza ya kulia kidogo, vuta tena, kaza. Kwa kupishana hivyo, kulia na kushoto, gurudumu hutembea nyuma hatua kwa hatua hadi mahali pake.

Nne, pima cheni. Ishike katikati, kati ya gia ya mbele na ya nyuma, uiinue na kuishusha. Icheze kama sentimeta moja hadi moja na nusu. Kwa isiyo na friwili icheze kidogo zaidi ya kutocheza. Isikazwe kama uzi wa zeze, kwani itaumiza goroli. Zungusha pedeli polepole upime mahali panne, maana gia nyingi hazina mviringo kamili. Kipimo sahihi ni cha pale inapokaza zaidi.

Tano, maliza kukaza nati zote mbili. Nguvu inayohitajika ukitumia spana ya sentimeta 20 ni kama ile ya kuinua dumu la maji lililopungua robo. Mtoto hana nguvu hiyo, na mtu mzima akisimama juu ya spana kwa mguu atakula thredi. Kisha rekebisha breki. Gurudumu likisogea nyuma, vipande vya mpira vya breki haviligusi tena ringi mahali palepale. Mwenye breki ya kukanyaga kinyumenyume ahakikishe ule mkono wa chuma wa upande wa kushoto umefungwa kwenye bomba la fremu. Usipofungwa, breki itaizungusha ekseli yenyewe na kuzilegeza nati zote mbili.

Kwa wanaobeba mizigo mizito upo msaada mwingine: vikaza cheni. Ni vipande vya chuma vinavyovaa ekseli na kushika mwisho wa fremu kwa skrubu ndogo. Kikaza hukaa nyuma ya ekseli na kuizuia isiende mbele, hivyo msuguano haufanyi kazi peke yake. Ukipata kimoja tu, kivike upande wa kulia. Kikaza hakichukui nafasi ya nati iliyokazwa, kinaisaidia.

Baada ya kufunga

Nati mpya, au nati iliyofunguliwa leo, hulegea kidogo baada ya mzigo wa kwanza, kwa kuwa washa na rangi hujipanga upya. Irudie kwa spana siku ya pili. Baada ya hapo, mara moja kwa juma yatosha. Chora mstari mdogo kwa rangi ya kucha au kalamu ya wino mzito, uanzie kwenye nati uishie kwenye fremu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Alama hiyo hata mtoto wa miaka saba huiona, nayo humpa kazi ya kujivunia kabla ya kwenda kisimani.

Cheni nayo ipimwe kwa rula mara kwa mara. Pingili 24 za cheni mpya, kutoka pini hadi pini, zina urefu wa sentimeta 30.5. Zikizidi kwa milimita moja na nusu, wakati wa kuibadilisha umefika. Zikizidi kwa milimita tatu, meno ya gia nayo yamekwisha kuharibika. Cheni iliyorefuka humfanya mwenye baiskeli alegeze na kukaza nati kila juma, na nati inayofunguliwa kila juma haina maisha marefu.

Yamebaki mambo mawili ya adabu. Anayeazima baiskeli kwa jirani aulize hali yake kabla ya kuipakia mtu: ina friwili au haina? Breki zipo? Na anayeazimisha aeleze bila kuulizwa, hasa ikiwa imechomelewa, kwa kuwa asiyeizoea ataacha kukanyaga kwenye mteremko na pedeli zitamrusha. Kadhalika, fundi anapokabidhi kazi asione haya mteja akishika spana mbele yake na kujaribu nati. Naye mteja asiihesabu hatua hiyo kuwa ni kumdhania fundi vibaya. Atakayeondoka na baiskeli ni yeye, na atakayeketi kwenye keria ni mwanawe.

Spana moja namba 15, ikatundikwa ukutani karibu na mlango ambapo baiskeli hulazwa, inatosha kwa nyumba nzima. Tena jirani naye akija kuiazima, apewe.